Kondoo si mbuzi: ninavyolisha majani ya miti kihambani kwangu

Mara ya kwanza nilipowawekea kondoo wangu matawi ya mti wa kaliandra, waliyanusa, wakayakanyaga, kisha wakanigeuzia mkia mmoja baada ya mwingine. Na mkia wa kondoo wetu hawa ni mnene kama mto wa kulalia. Ukigeuziwa huwezi kusema hukuona. Mbuzi wa jirani alikuwa amefungwa ng'ambo ya ua wa masale, analia kama mtoto aliyenyimwa. Nikamrushia tawi moja. Alilimaliza kabla sijafunga mlango wa banda.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu. Kila niliyemsikia akisifia majani ya miti alikuwa anafuga mbuzi, nami nikayachukua maneno yake nikayapeleka kwa kondoo. Mbuzi husimama kwa miguu miwili kufuata jani lililo juu. Kondoo amezoea kula kichwa kikiwa chini, anafuata nyasi, na kitu asichokijua kwake ni takataka mpaka afundishwe. Majani ya miti yamenivusha viangazi sita sasa na kondoo wangu saba wana miili, ila kuna namna yake. Naiandika kwa ajili ya mwenzangu mwenye kondoo wachache na eneo dogo.

Kihamba changu, yaani shamba letu la nyumbani, kiko Mwika, Kilimanjaro. Hakifiki ekari moja: migomba, mibuni, miringaringa mitatu ya kivuli, miparachichi miwili, banda la kondoo nyuma ya jiko. Ukitoa nyumba na makaburi ya wakwe zangu, hapabaki hata pa kumfunga kondoo mmoja akala nyasi. Huku kwetu mifugo hula ndani, chakula chake ndicho kinachopanda mlima. Mama mkwe wangu alikuwa akiteremka alfajiri hadi tambarare, upande wa Himo, anarudi na mzigo wa nyasi kichwani, na akifika ndipo anaanza kupika. Nami nimeibeba mizigo hiyo miaka yangu ya mwanzo ya ndoa, na shingo yangu bado inakumbuka. Siku hizi nyasi na mabua ya mahindi vinakuja kwa kirikuu, unalipa. Baada ya mavuno bei inavumilika. Ikifika Januari na Februari kila mtu amemaliza mabua yake, mwenye gari analijua hilo, na bei anapanga yeye.

Kinachobaki ni mgomba. Kondoo anakula majani yake, anakula na gogo ukilikatakata, anashiba, tumbo linakuwa ngoma. Lakini gogo la mgomba ni maji. Katika kilo kumi unazomkatia, zaidi ya tisa ni maji matupu, na protini humo ni kidogo sana. Nilishawahi kuwapitisha kondoo kiangazi kizima kwa mgomba na mabua. Walikuwa na matumbo makubwa na migongo mikali; ukipitisha kidole unahesabu pingili moja moja. Nilidhani ni minyoo, nikawapa dawa, hawakubadilika. Walikuwa na njaa ya protini huku wameshiba.

Hilo ndilo pengo linalozibwa na jani la mti, hasa mti wa jamii ya mikunde. Lisichukue nafasi ya nyasi na mabua. Nyasi, mabua na mgomba ni ugali wa kondoo, jani la mti ni maharage yake. Ukimpa maharage matupu utamuumiza, na nitaeleza kwa nini.

Miti ninayokata

Kaliandra ndiyo tegemeo langu. Huku kwenye baridi ya kihambani inakubali, inachipua haraka ukiikata, na maua yake mekundu kama brashi yanaita nyuki. Ukiondoa maji yote kwenye jani lake, karibu robo ya kinachobaki ni protini, ndiyo maana wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Embu, Kenya, walizoea kuitumia mahali pa chakula cha kununua: kilo tatu za kaliandra mbichi kwa kilo moja ya chakula cha dukani. Kasoro yake ni ukakasi. Litafune jani moja uone ulimi unavyokauka, kama umekula ndizi mbichi. Ukakasi huo ukizidi, chakula hakisagiki vizuri tumboni. Tena kaliandra ilishwe mbichi, ikitoka kukatwa. Ikikauka inakuwa ngumu kumeng'enywa, na kondoo wenyewe wanaipunguzia hamu.

Mforsadi ndio ninaoupenda kuliko yote, na ningekuwa na nafasi ningeupanda kila kona. Watu wanaujua kwa matunda yake meusi yanayopaka watoto midomo, wanasahau jani. Jani lake ni laini, halina ukakasi wa kaliandra wala harufu, na kondoo hahitaji kufundishwa: anakula siku ya kwanza. Unachomeka kipande cha tawi chenye urefu wa shubiri moja na kitu, masika inakufanyia kazi. Ubaya wake ni kwamba usipoupa mbolea unachoka, kwa sababu haujitengenezei naitrojeni kama miti ya mikunde. Mimi nazungushia samadi ya kondoo walewale.

Lusina ninayo kidogo, mistari miwili upande wa chini wa kihamba. Ni mti wa joto. Ukiwa juu sana kwenye ukungu hautakufurahia. Na miaka ya tisini iliadhibiwa sana na wadudu wadogo warukao wanaonyonya machipukizi, walioingia Afrika Mashariki mwaka 1992; wengi wakang'oa, wakakata tamaa. Yangu nayo hushambuliwa, kisha hupona. Ni jani tamu mno kwa kondoo, na utamu huo ndio hatari yake. Lina sumu iitwayo mimosini. Likiwa sehemu ndogo ya chakula halina neno. Likiwa ndilo chakula chenyewe kwa majuma mengi, kondoo wa sufi ananyonyoka sufi, na hawa wetu wa manyoya mafupi wanapungua uzito, koo linavimba, wanazaa watoto dhaifu. Kipimo changu ni kwamba lusina isizidi theluthi ya anachokula kondoo kwa siku, na mwenye mimba nampa chini ya hapo.

Dada yangu aliyeolewa chini, karibu na barabara ya Taveta, anatumia gliricidia kwa sababu huko kuna joto na mti huo unaota hata ukiuchomeka kama nguzo ya uzio. Jani lake lina harufu inayowakera kondoo. Yeye huikata jioni, anaiacha inyauke usiku kucha, asubuhi harufu imepungua na wanakula. Huko chini pia anaokota matunda makavu ya mgunga, anayatwanga kinuni kabla ya kulisha. Ukiyatoa mazima, mbegu inapita kama ilivyoingia, unaikuta kwenye samadi.

Mringaringa ni wa dharura. Majani yake mapana nakata machache Februari, mti wenyewe nauhitaji kwa kivuli cha kahawa, na mbao zake siku moja ni za mjukuu. Mgrevilea naona watu wanakata na kulisha. Jani lile ni gumu na halina faida kubwa, bora libaki boji, yaani matandazo ya shamba, na tawi liende jikoni. Msesewe usiuguse, uache gome lake litie uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi.

Kumfundisha kondoo

Usianze kiangazi kikiwa kimeshika. Anza wakati chakula kingine kipo, kwa sababu tumbo la kondoo lina wadudu wasioonekana wanaomsagia chakula, nao wanahitaji kama majuma mawili kuzoea kitu kipya. Siku ya kwanza mkono mmoja wa majani kwa kondoo, baada ya siku tatu mikono miwili, hivyo hivyo.

Mimi niliazima mwalimu. Yule mbuzi aliyekuwa analia ng'ambo ya masale, nilimwendea mwenye naye, mzee wa makamo ya baba yangu.

"Meku, niazime mbuzi wako siku nne."

Akaniuliza wa kazi gani. Nikamwambia nataka awafundishe kondoo wangu kula. Alicheka mpaka akaegemea fimbo, kisha akasema, "Mwalimu mstaafu umeshindwa, sasa unaajiri mbuzi?" Lakini alimtoa.

Asubuhi, kabla kondoo hawajapewa kitu chochote, nikamwingiza mbuzi bandani na fungu la kaliandra. Akaanza kutafuna kwa fujo zake zile. Dakika za mwanzo kondoo walisimama pembeni. Kisha jike mmoja mkubwa, yule anayetangulia siku zote, akasogea, akachukua jani lililokuwa limening'inia mdomoni mwa mbuzi. Akalitafuna taratibu, macho yakiwa mbali, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Akarudi kuchukua la pili. Siku ya tatu ugomvi ulikuwa ni wao kumsukuma mbuzi. Tangu hapo sijaazima tena, kwa sababu watoto hujifunza kwa mama zao: mwanakondoo wa majuma matatu anakwanyua jani lilelile mama yake analokula.

Kama huna mbuzi wa kuazima, katakata majani uyachanganye na mabua yaliyokatwa, nyunyizia maji yenye chumvi kidogo ya jikoni, toa asubuhi wakiwa na njaa. Usiwashindishe na njaa siku nzima ukidhani unawakomesha, hasa wenye mimba. Jike mwenye mimba kubwa akikosa chakula siku moja au mbili anaweza kuanguka asiinuke.

Mahali pa kuwekea nalo lina maneno yake. Ukitupa matawi chini, nusu yatakanyagwa na kukojolewa, na kondoo hali kilichonuka mkojo. Ukiyaning'iniza juu kama ya mbuzi hawafiki. Nafunga fungu kwa kamba ya mgomba na kulining'iniza kwenye boriti mpaka liwe usawa wa kidevu cha kondoo, lisicheze sana. Wakivuta wanapata jani, tawi linabaki juu. Jioni nafungua kamba, vijiti vilivyobaki ni kuni nzuri za kuwashia. Hapo kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, na vijidudu vikianguliwa hupanda kwenye nyasi fupi zenye umande, ndipo kondoo huvimeza. Kwenye tawi lililokatwa juu ya mti havipo. Bado nawafunua kope la chini kila mwezi: likiwa jekundu naendelea na kazi zangu, likiwa jeupe kama karatasi nakwenda kununua dawa.

Kiasi gani

Kondoo wangu wakubwa wana kilo thelathini hivi. Kondoo wa kilo hizo anahitaji chakula ambacho kikikaushwa maji yote kitabaki kama kilo moja kwa siku. Jani bichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ukitaka theluthi ya chakula hicho itoke kwenye miti, unampa kilo moja hadi kilo moja na robo ya majani mabichi, bila kuhesabu vijiti vya tawi. Nilipima mara ya kwanza kwa mizani ya kuning'iniza ya kupimia kahawa. Baada ya hapo mkono ukajua: fungu ninaloweza kulikumbatia kwa mkono mmoja linatosha kondoo wawili kwa siku. Nagawa mara mbili, asubuhi na saa kumi jioni. Katikati ni mabua au nyasi kadiri ya upatikanaji, na gogo la mgomba jioni.

Jike mwenye mimba hubeba miezi mitano, na mtoto hukua zaidi majuma sita ya mwisho. Hapo namwongezea nusu kilo ya mforsadi, si ya lusina, na naendelea mpaka mtoto afike miezi miwili. Dume anayenenepeshwa kwa ajili ya Desemba, watoto wanapotoka Dar kuja kuhesabiwa, naye nampa mforsadi na pumba kidogo.

Maji usisahau kwa kudhani jani bichi linatosha. Ndoo iwepo, safi.

Kukausha

Masika miti inachipua kuliko wanavyokula, kiangazi inasinyaa. Kwa hiyo nakausha lusina na mforsadi mwishoni mwa Mei na Juni, zikipatikana siku mbili tatu za jua. Si kwenye jua kali. Natandaza matawi juu ya turubai chini ya upenu, nayageuza asubuhi na jioni. Siku ya tatu nachukua tawi la lusina nalipigapiga taratibu kwa fimbo, vijani vinadondoka kama pumba za mchele, vijiti vya tawi navitoa. Nikiubana ukonzi mkononi lazima uvunjike na kunusia kama majani ya chai, na rangi ibaki kijani. Ukisikia ubaridi au uzito, bado. Ukifungia hivyo kwenye gunia utakuta ukungu, na jani lenye ukungu ni la kutupa, hata kwa kondoo mwenye njaa. Magunia nayaweka juu ya mbao, mbali na sakafu, mbali na moshi wa jiko. Gunia tano zilinitosha Februari iliyopita, kwa kuchanganya konzi mbili tatu na mabua ya kila kondoo.

Mrututu

Hili ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Mwaka wa pili wa majani ya miti nilikuwa na jike mwekundu, mwenye mimba ya tatu, mama wa wengine wote. Asubuhi moja hakuinuka. Nikamfungua kinywa, fizi zilikuwa za njano kama zimepakwa manjano. Nikamfunua jicho, na jicho nalo njano. Mjukuu wangu akaniita, "Bibi, njoo uone mkojo." Juu ya mbao za sakafu kulikuwa na mkojo wa rangi ya kahawa iliyokolezwa, ile nyeusi ya kwenye vikombe vidogo. Alikufa siku hiyohiyo kabla ya jua kutua.

Nilimwita bwana mifugo ampasue nijue, maana niliogopa ni ugonjwa utakaochukua na wengine. Akanionyesha figo. Figo ya kondoo naijua, nimechinja sana. Ni nyekundu ya udongo. Hizi zilikuwa nyeusi za kung'aa, kama chuma cha panga jipya. Akaniuliza swali moja: "Mama, kahawa yako unapuliza nini?"

Napuliza mrututu. Sote tunapuliza dawa za shaba, kwa ajili ya kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, mara kadhaa kwa msimu. Na majani ya migomba iliyo katikati ya mibuni, matawi ya chini ya miringaringa, magugu ya chini ya kahawa, vyote nilikuwa nakata na kulisha. Nilisubiri siku chache baada ya kupuliza, kama nilivyoambiwa kwa dawa nyingine, nikadhani imekwisha. Shaba haiishi. Haichachi wala haivukizi; inabaki kwenye jani mpaka mvua iioshe, na ikioshwa inakwenda kwenye udongo.

Kuna jambo ambalo sikulijua baada ya miaka yote hiyo ya kufuga. Ng'ombe huvumilia shaba. Mbuzi huvumilia zaidi kuliko kondoo. Kondoo hawezi kuitoa mwilini ikiwa nyingi. Ini lake linaiweka akiba kidogo kidogo, majuma na miezi, na wewe unamwona mzima. Siku akipata msukosuko, safari, baridi, mimba kubwa, ini linaiachia yote kwa mpigo, damu inapasuka, ndiyo rangi ile ya mkojo. Kwa hiyo ukiona mmoja ameanguka, wengine waliokula naye wanaweza kuwa na akiba hiyohiyo, hata kama wanarukaruka.

Nilichobadilisha ni haya. Hakuna jani linalotoka ndani ya mistari ya kahawa linaloingia banda la kondoo, la mti wala la mgomba, msimu wote wa kupuliza. Miti ya malisho niliihamishia mpakani na kwenye kingo za makinga maji, upande ambao upepo hauleti dawa. Chumvi ya madini ya ng'ombe, ambayo nilikuwa nawagawia na kondoo kwa ubahili, niliacha, kwa kuwa nayo ina shaba. Nanunua iliyoandikwa ya kondoo, au nawapa chumvi ya kawaida. Na mibuni ya zamani naendelea kuibadilisha polepole kwa aina zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyo pale Lyamungu, zinazostahimili chulebuni na kutu, ambazo hazidai dawa kiasi kile. Kama kihamba chako hakina kahawa, lakini una nyanya au mizabibu inayopulizwa dawa za rangi ya bluu, maneno ni hayohayo.

Parachichi na wengine wa kuogopa

Tunapunguza matawi ya miparachichi, majani ni mengi, mabichi, yanang'aa, na bure. Usilishe. Jani la parachichi linadhuru moyo, na jike anayenyonyesha linamharibia chuchu: titi linavimba, linakuwa gumu, maziwa yanakatika. Nimeona kwa jirani, na wanakondoo wawili walilelewa kwa chupa. Matawi hayo yakatwe na kurundikwa mbali, maana kondoo aliyekwishazoea majani ya miti hana tena ule uangalifu wa mwanzo, anaonja kila tawi. Hiyo ndiyo gharama ya kumfundisha.

Vivyo hivyo nyonyo, oleanda ya maua inayopandwa getini, utupa wanaouzungushia shamba kufukuza fuko, na lantana, kile kichaka cha ua chenye vijiua vya njano na waridi na harufu kali. Majani ya muhogo yanalika, ila yanyaushwe au yakaushwe kwanza, yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi. Kama mjukuu au kijana wa kazi ndiye anayekata, tembea naye siku nzima umwonyeshe mti kwa mti. Usimwambie "kata majani" ukaingia ndani.

Kupanda na kukata

Mbegu ya kaliandra iloweke maji baridi siku mbili. Ya lusina ina ganda gumu: chemsha maji, epua yapoe kidogo, mimina juu ya mbegu, acha mpaka asubuhi. Panda kwenye viriba mwishoni mwa mwaka ili miche iwe na urefu wa goti masika inapoanza Machi. Chimba shimo kila nusu mita kwenye mstari mmoja wa mpaka. Mimi nilipanda ndani ya mstari wa masale, miti mia moja na ishirini, haikula shamba hata hatua moja. Mwaka wa kwanza ilinde na kuku na kondoo wa jirani, palilia, na kukiwa na zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, ipitishie.

Usikate kabla haijatimiza miezi tisa, na ukiweza subiri mwaka, hata ikikuzidi kimo. Mizizi inajengwa wakati huo. Kisha kata kwa mundu mkali, mkato wa mshazari, usawa wa kiuno, uache vitawi viwili vitatu vyenye majani ili mti upumue. Masika nausubiri majuma sita hadi nane kabla ya kurudi kwenye mti uleule; kiangazi miezi mitatu. Nimegawa mstari wangu vipande vinane kwa kufunga vitambaa, masika kila juma kipande kimoja, na kitambaa chekundu kinahama na mundu. Mwanzoni nilikuwa nakata palipo karibu na banda kila siku, kwa uvivu, na miti kumi na minne ya mwanzo ikafa kwa kuchoka. Nafasi zake nimechomeka mforsadi, na safari hii kitambaa ndicho kinachoniambia pa kwenda.